Terabaiti Nne Ndani ya Mashine ya Mwaka Themanini na Saba

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata wazo! Nimelipata kazini, nikimpima macho mteja asiyetulia kitini. Jumamosi chama chetu cha kompyuta za zamani kina maonyesho katika ukumbi wa maktaba. Wanachama kumi na mmoja, meza kumi na moja, lakini meza inayotazamana na mlango ni moja tu. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu wa hesabu, mama asiyependa porojo, amesema meza hiyo atapewa mwenye jambo jipya.

Koleo anadhani ni yake. Koleo ni daktari wa meno mstaafu. Jina hilo tulimpa sisi ili limkere, naye analifurahia. Mwaka jana alichomeka memori kadi ndogo kama ukucha kwenye kompyuta yake badala ya diski, ikafanya kazi, na tangu hapo hatupumui. Eti haina kelele. Eti haipati joto. Kadi! Mtu mzima na mvi zake anajivunia kadi!

Mimi nitaweka diski ya kisasa. Diski hasa, nzito, ya terabaiti nne, ndani ya kompyuta yangu ya mwaka themanini na saba, iliyotoka kiwandani wakati megabaiti ishirini zilikuwa ufahari. Hakuna mwanachama aliyewahi kuthubutu. Nimeshamwambia Mwenyekiti. Amesema ataamini akiiona.

Kasoro ndogo: diski yenyewe sina.

Jumanne, 4 Machi

Ipo! Humu humu nyumbani, kabatini, rafu ya juu, nyuma ya shuka za wageni. Ni ya mke wangu. Nilimuuliza kwa ujanja mkubwa akiwa anapiga pasi: je, ile diski yake nyeusi anaitumia kila siku? Akasema hapana, imekaa tu, na kwa nini nauliza. Nikasema nauliza tu. Akasema mimi sijawahi kuuliza tu hata siku moja. Nikaaga kwamba nakwenda kumwagilia maua. Hatuna maua.

Ndani ya diski mna nini, sikuuliza. Mtu ukimuuliza sana unampa nafasi ya kukukatalia.

Jumatano, 5 Machi

Nimetoka kazini mapema kwa kisingizio cha jino. Nimeivua diski ganda lake kwa bisibisi ndogo ya miwani. Ganda limevunjika sikio moja. Haitaonekana. Waya wa diski ni wa kisasa na tundu la kompyuta ni la kizamani, lakini adapta ninayo, niliinunua miaka minne iliyopita na mke wangu akaniuliza ya nini. Ya leo!

Nikawasha. Mashine ikafikiri. Ikafikiri sana. Kisha ikaniandikia kwamba diski ina nafasi ya hasi elfu moja mia mbili na kitu. Hasi! Yaani sijaweka hata herufi moja na tayari nimejaza kupita kiasi. Nikazima, nikawasha. Hasi tena.

Nikampigia Mwenyekiti, nikamuuliza kijuujuu, kama mtu anayemuulizia rafiki. Akasema kompyuta za umri ule zilifundishwa kuhesabu mpaka mahali fulani tu. Ukizipa namba kubwa zaidi zinapotea njia, kama namba za kilometa kwenye gari zinazofika mwisho zikaanza upya. Akasema pia nimwambie huyo rafiki aache kujionyesha. Sikupenda alivyolitamka neno rafiki.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Nimeidanganya mashine. Nimeiandikia kwa mkono wangu kwamba diski ni ndogo, ya megabaiti mia tano na nne, kiasi kikubwa kabisa inachoweza kukihesabu bila kuchanganyikiwa. Ikatulia papo hapo. Ikasema diski haina kitu, je, iifomati, yaani iipange upya kama mpya? Nilisita. Sekunde mbili, labda tatu. Lakini mashine imesema yenyewe kwamba haina kitu, na mashine haina sababu ya kunificha jambo. Nikakubali. Ikafanya kazi dakika kumi na moja, ikinguruma kwa raha zake. Nikajaza michezo yote niliyo nayo, sabini na miwili, na nafasi bado tele.

Ni kweli kwamba mashine inaona sehemu moja tu kati ya elfu nane za diski ile. Hayo ni ya mafundi. Terabaiti ni nne na zimo ndani, abishe nani? Nimeandika kibao kwa wino mwekundu: TERABAITI NNE.

Jioni Mwenyekiti amekuja kukagua. Akainama, akaiona diski, akasoma kibao, akakohoa. Meza ya mlangoni ni yangu! Koleo amewekwa karibu na choo. Amenipigia simu kunipongeza kwa sauti tamu. Sauti tamu ya daktari wa meno naijua, ndiyo inayotangulia maumivu.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi, mezani, mke wangu akasema Jumapili unatimia mwaka tangu mama yake atutoke, na ndugu zake wote wanakuja kula chakula cha mchana. Nikasema vizuri sana. Akasema wakishakula atawawekea sauti za Mama. Nikauliza sauti zipi. Akasema zile alizomrekodi miaka miwili ya mwisho, akisimulia utoto wake, nani kazaliwa na nani, nani alimnunia nani na kwa sababu gani. Saa arobaini nzima. Nikashika kikombe kwa mikono miwili, nikauliza ziko wapi. Akasema kwenye diski yake nyeusi. Nikauliza na kwingine je. Akasema hakuna kwingine, ndiyo maana ameiweka mbali na mimi.

Chai ikanipalia. Akanipigapiga mgongoni kwa upendo. Ule upendo ndio ulioniumiza.

Mimi na Mama mkwe hatukuwa chanda na pete. Alikuwa akiniita Bwana Fungua mbele za watu. Lakini tangu mwaka jana mke wangu akitaja neno "Mama" hujifunga kanga upya kabla ya kuendelea, na mimi hujifanya natafuta kitu mfukoni. Nimeifuta sauti ya mama yake ili nipate pa kuweka mchezo wa nyoka. Nimejiona mdogo kuliko ile kadi ya Koleo.

Nilikimbilia kabatini nikakumbuka kuwa diski imo ndani ya kompyuta, na kompyuta imeshachukuliwa na gari la chama pamoja na nyingine zote. Ukumbi umefungwa mpaka kesho.

Mpango wa kwanza: nitasema wezi. Wezi gani hao, waliopanga shuka vizuri? Mpango wa pili: nitasema unyevu. Mpango wa tatu: nitaiga sauti ya Mama mkwe mwenyewe, nijirekodi. Nimejaribu bafuni. Mke wangu akagonga mlango akauliza kama naumwa.

Jumamosi, 8 Machi

Ukumbi umefurika. Meza ya mlangoni, kibao chekundu, watu wamepanga foleni kwangu. Fahari niliyoililia wiki nzima hiyo hapo, na mimi natazama diski tu. Nilifika na nia ya kuichomoa diski kimya kimya, lakini Mwenyekiti alikuwa ameshawasha mashine zote na ameshawakaribisha wageni wa kwanza mezani kwangu.

Halafu nikagundua jambo la kutisha. Kila mgeni akishinda, mashine inaandika alama zake kwenye diski. Kila alama inakaa juu ya maneno ya Mama mkwe! Nikaanza kuwasihi watu wacheze bila kushinda. Mama mmoja, karani wa posta, hodari wa ajabu kwa vidole, akasema hajaona maonyesho ya namna hii tangu azaliwe, akaendelea kushinda. Nikachomoa waya wa umeme. Nikatangaza kwamba mashine inapumzika.

Koleo akatoka kule kwake karibu na choo, akanitazama kama anatazama ufizi. Akauliza diski hii ilikuwa na nini kabla ya kuwa yangu. Sijui nini kilinipata. Nikamwambia yote, pale pale nyuma ya pazia, mpaka ile ya bafuni. Akacheka mpaka akakaa chini. Nikamwacha acheke. Kisha akaacha ghafla, akauliza kama tangu niifomati nimeichomeka kwenye kompyuta nyingine yoyote. Nikasema hapana. Akasema basi nina bahati nisiyostahili, kwa sababu mashine yangu haioni mbali. Imeharibu kile ilichokiona tu. Imebomoa kibaraza, na nyumba nzima iliyo nyuma yake haikujua hata kama ipo.

Miaka ishirini na sita ya kutengeneza miwani, na leo nimeshukuru kwa macho mabovu!

Akasema nyumbani kwake anayo programu ya kufufua mafaili. Lakini diski ni kubwa mno, kuipitia yote ni saa kumi na tano au zaidi, kwa hiyo tuondoke sasa hivi. Sasa hivi ilikuwa saa tano asubuhi. Mwenyekiti akatusimamia mlangoni. Akasema anayeondoa kitu chake mezani kabla ya kufunga anapoteza nafasi ya mlangoni mwaka huu na mwaka ujao, na anayemsindikiza ni vivyo hivyo, sheria ni sheria. Nikatazama kile kibao chekundu. Nikatazama foleni. Nikaichomoa diski, nikaiweka kwapani. Nilipogeuka kumwambia Koleo kwamba nitamwelewa akibaki, alikuwa ameshavaa koti na kadi yake iko mfukoni.

Sasa nitamchukiaje mtu kama huyu? Amenivurugia kila kitu.

Jumapili, 9 Machi

Saa mbili asubuhi Koleo amegonga mlango wa nyuma. Diski imo ndani ya ganda lake, sikio limebandikwa kwa gundi ya meno. Mafaili yamerudi yote isipokuwa matatu, lakini majina yamepotea, yamebaki namba tupu. Nikairudisha nyuma ya shuka wakati mke wangu anamenya viazi.

Mchana sebule ilijaa mashemeji. Mke wangu akaichomeka diski, akakunja uso. Mbona zimekuwa namba? Nikasema diski za kisasa ndivyo zilivyo. Akafungua faili la kwanza aliloliona. Sauti ya Mama mkwe ikajaa sebule, ile ile ya kukwaruza, hai kabisa. Na alikuwa anazungumza habari zangu! Alisema, "Huyu mumeo, mwanangu, akiona kitu kizima hapati usingizi mpaka akifungue. Lakini sijamwona akinuna hata siku moja. Mimi nimeishi na wanunaji, nakuambia, kaa na huyu huyu."

Kisha akacheka. Mke wangu akacheka naye, akalia, akacheka tena. Kaka zake wakanigeukia wote kwa pamoja. Na mimi nililia, waziwazi, mbele yao, na sioni haya kuandika hivyo. Miaka kumi na tisa nilidhani yule mama hanipendi.

Wageni walipoondoka nikakiri. Sikuacha kitu. Mke wangu akaosha kwanza vyombo vyote, na vyombo vilikuwa vingi. Nilisimama pale na kitambaa nikimpokea sahani moja moja. Mwishowe akasema mambo mawili. La kwanza, Koleo atakaribishwa chakula kila Jumapili mpaka achoke. La pili, patakuwa na nakala ya sauti za Mama, na nakala hiyo haitakaa nyumba moja na mimi.

Nimeapa kutogusa tena diski ya mtu. Nimeapa kwa moyo mweupe.

Ijumaa, 14 Machi

Diski mpya imenunuliwa. Koleo amenakili kila kitu. Na nani amepewa jukumu la kuipeleka kwa shemeji, dada mkubwa wa mke wangu, mji wa pili, basi la saa tatu asubuhi? Mimi! Mke wangu amesema ameamua kuniamini. Amenifunga kitufe cha juu cha shati mwenyewe. Nimeguswa sana. Mimi ni mtu mpya.

Saa mbili na nusu. Niko kituoni. Diski iko mapajani, ndani ya mfuko wa kitambaa. Nimekuwa nikitafakari kosa langu la wiki iliyopita, kwa utulivu, kama mtu mzima. Kosa lilikuwa moja tu: hapakuwa na nakala. Sasa ipo.

Saa tatu kasoro dakika tano. Nimesoma karatasi iliyobandikwa juu ya diski. Terabaiti nane! Nane! Mwenyekiti mwenyewe hajawahi kushika ya nane.

Saa tatu. Basi limeondoka. Nimeliona likikata kona, limekwenda salama kabisa.

Saa nne. Shemeji amepiga simu kuuliza nimefika wapi. Nimemwambia barabara ni mbaya. Akasema pole sana shemeji yangu, ishike vizuri hiyo diski. Nimemjibu kwamba nimeishika kwa mikono yote miwili. Na wala sikumdanganya, kwa maana simu nimeibana begani na bisibisi nimeing'ata kwa meno.