Kravati Moja Likasi Nzima

Siku ile ya 1990 redio ya Zaire ilipotangaza kwamba kravati, yaani tai, si haramu tena, wanaume wa mji wa Likasi walijishika shingo wakakuta hazina kitu. Baada ya miaka chungu nzima ya abakosti, suti ya serikali isiyovaliwa na tai, kravati za zamani zilikuwa zimechomwa au zinafungia mbuzi. Casimir wa mtaa wa Kikula, kijana ambaye kiwanda chake kilikuwa mdomo, alicheka mpaka akapaliwa.

Akakimbilia kwa Mama Philomène, mjane wa karani.

"Mama, ile kravati ya marehemu mu sanduku inaita nondo. Miye nitakuondolea bure."

"Beba tu, mutoto yangu," mama akajibu, kwa upole ambao ungemtia wasiwasi mtu mwenye akili.

Jioni Casimir alikuwa kwa Georges, mkubwa wa ofisi, msimamizi wa harusi ya kesho, aliyetaka kanisa zima limtazame yeye, bibi harusi angoje.

"Patron, mu Likasi yote iko moja tu."

"Bei?"

"Mobileti yako."

Georges aliguna, akaitazama pikipiki yake ndogo. Zingekuwa kravati mia, asingetoa hata tairi. Lakini moja!

"Beba. Kama kesho haiko ku shingo yangu, utaniona."

Casimir alilala ameikumbatia mobileti. Maisha yake yote hakuwahi kutamani kitu kama hicho.

Asubuhi Georges alimwita mbio. Alikuwa amejaribu kuifunga kravati kama kamba ya kiatu, ikakataa. Casimir naye alijaribu, nusura amnyonge. Kengele ya kanisa ikalia. Wakapanda mobileti wote wawili hadi kwa Mama Philomène, aliyemfungia marehemu kravati kila asubuhi ya ndoa yao. Walimkuta mlangoni, amevaa vizuri, anangoja.

"Mama, utusaidie kuifunga!"

"Kravati nilikupa bure, Casimir. Kufunga ndo kuko na bei." Akaitazama mobileti.

"Kwa kifundo kimoja tu?"

"Mu Likasi yote, ni miye moja tu najua."

Georges akamshika Casimir kola. "Chagula: umupe mama mobileti, ao ufungwe mu prison ya Buluo."

Casimir akachagua, machozi yakimtoka kweli kweli. Mama akamgeuza Georges, akawafumbisha macho wote wawili, na kufumba na kufumbua kifundo kikakaa. Georges akatoka mbio kwenda kanisani, shingo juu.

"Mama, unifundishe basi!"

"Nikufundishe, halafu nitakula nini?" Mama akaketi kiti cha nyuma cha mobileti yake mpya. "Panda, unipeleke ku harusi."

"Utanilipa?"

"Batu ba kuendesha mobileti beko bengi mu Likasi, mutoto yangu. Twende."