Utetezi wa Mpapai Dume wa Uani

Isipingo,
Jumatano, 11 Septemba 2013

Kwa Papa Pascal, Mwenyekiti wa Kamati ya Nyumba Yetu.

Mheshimiwa Papa,

Pokea salamu zangu za heshima. Naandika kwa sababu katika mkutano wa Jumapili nilinyoosha mkono mara tatu na sauti haikutoka. Kamati iliamua kwamba mpapai wa uani, niliouotesha mwenyewe kwa mbegu, ukatwe Jumamosi kwa kosa la kutozaa. Napinga hukumu hiyo kwa sababu zifuatazo.

1. Mti uliteswa kabla ya kuhukumiwa. Papa Désiré aliugongomea misumari mitatu, akisema ndivyo mpapai dume unavyogeuzwa jike kwao Uvira. Mkewe, Mama Estella, akaufunga kitenge kiunoni ili uzoee mambo ya kike. Mti umebaki dume. Sasa ni dume lenye misumari, na kitenge kizuri kinaliwa na jua.

2. Umetukanwa. Wewe mwenyewe, Papa, ulisema, "Mwanaume gani huyu, kutwa maua tu!" Mama Estella akadakia, "Eish, mbona ninaye mmoja kama huyo ndani." Watu walicheka. Mti ulisikia, na Papa Désiré pia alisikia.

3. Ushahidi wa kitaalamu ulidharauliwa. Nilimpa Mama Valérie kitabu changu cha biolojia, ajisomee kwamba mpapai, kama mtende na bangi, huwa na miti dume na miti jike. Alisoma neno moja tu. Akafunga geti, akashusha mapazia, akaninong'oneza, "Mwanangu, polisi wanajua?" Kitabu bado anacho, chini ya godoro, nami nina mtihani Ijumaa.

4. Kama kutozaa ni kosa, panga lisiishie uani. Wewe, Papa, hujawahi kuzaa. Watoto wako wote sita walizaliwa na mkeo, Mama Bernadette, na hakuna mjumbe hata mmoja aliyependekeza ukatwe. Mimi nina miaka kumi na sita na sijatoa hata papai moja. Nauliza kwa unyenyekevu: orodha hii itaishia kwa nani?

5. Mti utaacha mjane. Ng'ambo ya ukuta, kwa akina Grâce, kuna mpapai jike. Bila chavua ya mti wetu, hautazaa. Kila siku baada ya shule Grâce huja kuchukua maua ya dume, nasi huketi kwenye benchi chini ya mti tukisubiri maua yafunguke. Maua ya mpapai hufunguka polepole sana. Nalitaja hili kwa sababu za kisayansi tu.

Kwa hiyo, Papa, ombi langu ni dogo. Sisi sote katika nyumba hii tunaishi kwa karatasi za ukimbizi za miezi sita, na tukipanga foleni tunaongezewa nyingine sita. Hakuna anayetuuliza tumezaa nini. Mti nao upewe karatasi yake ya miezi sita. Foleni nitaupangia mimi.

Nisalimie Mama Bernadette, watoto wote sita, Mama Valérie na kitabu changu, na Papa Désiré, ambaye atarudishiwa misumari yake.

Ni mimi mwanao mtiifu wa chumba cha nyuma,
Audace Ciza

Baada ya kuandika: Nimemsomea Grâce barua hii kabla ya kuileta, na safari hii sauti ilitoka. Alicheka hadi akashika ukuta. Anasema kila ua la mpapai wao lina dume na jike ndani yake, na mti huo ulikuwa unazaa kabla wetu haujaota. Maua yetu amekuwa akiyatupa kwenye pipa tangu Machi. Nikamuuliza, basi huwa unafuata nini huku? Akasema, "Wewe na vitabu vyako vyote!"

Hivyo mti hauna kazi yoyote, na Jumamosi nitakushikia ngazi mwenyewe. Ila benchi, Papa, nakuomba lisiguswe.