Ombi la Kumvua Binti Yangu Jina la Marehemu Mama

Kwa Baba Mdogo Wepukhulu,
Katibu wa Ukoo, Kabuchai.
Kwa mkono wa Shafi, anayepeleka vitambaa Bungoma leo Alhamisi.

Baba Mdogo mpendwa,

Natumaini mahindi yamekauka na goti linakuruhusu kufika sokoni. Sisi hapa Kitale tu wazima, isipokuwa masikio. Ningepiga simu, lakini ulisema mwenyewe kwamba lisiloandikwa haliingii kwenye faili la ukoo.

Naandika kwa heshima zote kulalamikia jina mlilompa binti yangu. Unakumbuka alipokuwa na siku nane, akalia kutwa nzima pale kwako, nanyi wazee mkaketi kumtajia majina ya marehemu wetu mmoja mmoja ili anyamaze kwa lile analolitaka. Mlipofika kwa Phanice, yaani mama yangu, akanyamaza. Mkapiga makofi, tukala kuku. Leo ana miaka minne, na naomba kusema kwamba kura ile iliibwa. Dakika ileile Jerop mke wangu alikuwa amemtia titi mdomoni. Hata mngetaja trekta angenyamaza.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumatatu Jerop alimkatia chapati vipande viwili. Mtoto akajitupa chini, ati anataka irudi kuwa moja. Mimi ni fundi wa cherehani, nikaona hii ni kazi yangu, nikaishona. Niliishona vizuri, Baba Mdogo, mshono wa kurudia. Akaikagua, akaanza kulia upya kwa sababu uzi ulikuwa wa buluu.

2. Jumanne alilia kwa sababu kivuli chake kilimtangulia chooni. Sina la kuongeza.

3. Jana alijilaza kwenye lango la nasari, wenzake wakawa wanamruka mmoja mmoja kuingia darasani. Mwalimu Kigen, mtu mpole sana, ameniandikia kwamba ikitokea tena wiki hii mtoto abaki nyumbani mpaka mwakani. Hapo ndipo nilipong'amua. Ni nani aliyejilaza barabarani pale Misikhu mbele ya trekta ya miwa mpaka dereva akashuka kuomba radhi? Si mama? Wewe ulikuwepo, tena ndiwe uliyemshikia viatu.

4. Jerop amesoma kwenye simu kwamba mtoto wa namna hii hafokewi. Unakaa chini naye, unamtajia anachohisi, unangoja. Sasa nyumba nzima tunaishi sakafuni. Juzi mteja aliingia akanikuta huko chini nikisema, najua umekasirika. Akanijibu kwamba bado hajakasirika, lakini suruali yake iliahidiwa wiki iliyopita.

Kwa hivyo naomba ukoo ukutane Jumamosi, umvue hilo jina na kumpa la marehemu shangazi Nabwile, ambaye maishani alizungumza mara mbili tu, na mara moja ilikuwa kusema amina. Ikishindikana, naomba zamu: kila boma litume mtu mzima mmoja kwa wiki aje Kitale kujilaza na mtoto. Uanze wewe, kwa kuwa ndiwe uliyepiga makofi kuliko wote. Uje na mkeka wako. Hilo nalo likishindikana, nendeni kaburini mkamweleze mama kwa adabu kwamba amezidi, bana, na achague mjukuu mwingine.

Sisemi haya kwa furaha. Jana jioni nilimfokea mtoto kwa jina lake, nikajisikia nikimfokea mama. Chakula kilinishinda.

Nisalimie dada yako Senge, majirani wote, na kuku waliosalimika siku ile, kama bado wapo.

Ni mimi mwanao mtiifu na mchovu,
Kundu, Fundi wa Sare za Shule, Kitale.

Nyongeza: Shafi bado ananingoja, kwa hivyo naongeza. Baada ya kutia sahihi nimegundua kwamba mashati kumi na mawili ya shule, yanayotakiwa leo, nimeyashonea mifuko mgongoni. Nimekaa sakafuni nikalia, mtu mzima na ndevu zangu. Phanice ameacha uji, akaja akaketi kando yangu na kuniambia, "Lia umalize, niko hapa."

Baba Mdogo, maneno hayo hayamo kwenye simu ya Jerop, nimemuuliza. Ni ya mama. Ndivyo alivyokuwa akiniambia, maana unajua vizuri kwamba mtoto aliyekuwa akijitupa chini kila siku pale Kabuchai alikuwa mimi, na mama alilala kando yangu vumbini mpaka nimalize.

Mkutano usiitishwe. Kesho nampeleka nasari mwenyewe, na akijilaza langoni nitajilaza naye, Mwalimu Kigen aturuke wawili. Jumamosi tunakuja kwako mimi, Jerop na Phanice. Mwambie Senge chapati asizikate.