Mgombea wa Ngoma Mbili

Jumatatu, 17 Oktoba 1994

Zimebaki siku kumi na tatu. Leo nimezunguka soko la Igoma nikiwa na suti ya harusi yangu. Suruali inabana. Watu wanne wamenisalimia. Wawili wamenipa pole, walidhani natoka msibani.

Daftari hili halisomwi na mtu, kwa hiyo naandika ukweli: nautaka huu udiwani. Nilikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha pamba kwa miaka kumi na tisa. Wakulima walipanga foleni mlangoni kwangu tangu alfajiri. Mwaka jana tukapunguzwa kazi, na tangu hapo hakuna anayenisubiri popote. Inauma. Diwani husubiriwa.

Mpinzani wangu ni Odeta, muuza dagaa. Hana suti wala kipaza sauti. Nimemwonea huruma kidogo.

Jumatano, 19 Oktoba

Mkutano wa kwanza, uwanja wa shule. Waliohudhuria ni kumi na mmoja, mbuzi wakiwemo. Nimehutubia dakika hamsini kuhusu soko huria. Mbuzi walivumilia kuliko watu.

Odeta hakuitisha mkutano. Nasikia alikuwa kwenye foleni ya bomba la maji na ndoo yake, akipiga soga na akina mama. Kampeni gani hiyo ya kubeba ndoo?

Nikiwa njiani kurudi nyumbani nimepata jibu. Siri ya ushindi ni umati, na Msukuma humkusanyi kwa soko huria. Unamkusanya kwa ngoma!

Ijumaa, 21 Oktoba

Nimekwenda Buhongwa kwa Mzee Kija, manju wa ngoma ya Bagika. Nimempa shikamoo mbili ili aone nina adabu. Amekubali kuja Jumapili, kwa mbuzi mmoja. Jina langu litatiwa ndani ya wimbo. Akauliza kama Bagalu, wapinzani wao wa jadi kwenye ngoma, nao watakuwepo. Nikamwambia hapana, hii ni kampeni, si mashindano. Amesema sawa, lakini mbuzi awe dume.

Nyumbani, mke wangu Hellen ameuliza kama nimekwisha kuongea na majirani. Nimemjibu kwamba majirani wananijua. Amesema ndiyo maana anauliza.

Jumapili, 23 Oktoba

Umati! Watu mia nne, labda zaidi. Bagika wameruka mpaka vumbi likafunika jukwaa. Jina langu limeimbwa. Nimetokwa na machozi nikasingizia vumbi.

Jumatatu, 24 Oktoba

Balaa. Nusu ya kata hii ni Bagalu, na babu zao walikuwa Bagalu. Nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni. Furaha ilinisahaulisha.

Masele, fundi baiskeli, ndiye niliyemhesabu kuwa kura yangu ya kwanza baada ya mimi mwenyewe. Leo amesema hawezi kumchagua mgombea wa Bagika, marehemu baba yake hatamsamehe. Nimemweleza kwamba mimi si Bagika, niliwaalika tu. Amesema aliyewaalika ndiye mwenyewe. Kisha akaendelea kuziba pancha.

Mpango mpya. Nawaleta na Bagalu. Ngoma zote mbili, siku moja, uwanja mmoja. Nusu na nusu ni nzima. Hesabu hii Odeta haiwezi.

Jumamosi, 29 Oktoba

Nimefunga kampeni. Au imenifunga.

Bagika walikaa mashariki mwa uwanja, Bagalu magharibi, jukwaa langu katikati. Desturi yetu haina siri: ngoma mbili zikikutana, mshindi ni aliyevuta watazamaji upande wake. Mhoja, manju wa Bagalu, akajiviringishia chatu shingoni, watu wote wakakimbilia magharibi. Mzee Kija akaingia juu ya mgongo wa fahali, watu wote wakakimbilia mashariki. Walipita mbele yangu wakienda, wakapita mbele yangu wakirudi. Nimesema "ndugu wananchi" mara kumi na saba. Mara ya kumi na nane fahali akapitia jukwaani.

Nikamlalamikia Mzee Kija kwamba ile dawa ambayo kila manju hutumia kuvuta watu hainisaidii. Amenijibu kwa upole kwamba dawa yake ni ya ngoma. Ya hotuba bado haijapatikana.

Odeta naye alikuwepo. Kwenye mkutano wangu! Alipita kwa waliochoka kukimbia, akimsalimu kila mmoja kwa jina na kumuulizia mgonjwa wake. Hakuna aliyemfukuza. Mimi nilikuwa chini ya mbao.

Jumapili, 30 Oktoba

Nimepiga kura mapema. Kidole kina wino. Nimejichagua bila kusita.

Jumatatu, 31 Oktoba

Matokeo. Odeta: mia sita na kumi na mbili. Mimi: ishirini na nne. Kura zilizoharibika: mia mbili na tatu, kwa sababu watu waliandika majina ya manju. Mhoja mia moja na nne, Mzee Kija tisini na tisa. Ndiyo kusema ngoma imepata mshindi. Tangu asubuhi Bagalu wanasherehekea.

Jioni, akichambua mchele, Hellen ameniambia kwamba na yeye alimchagua Odeta. Alisema bila kuficha wala kuinua kichwa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema Odeta alimfuata bombani, akamshika mkono, akamwomba.

"Wewe, Baba Malimi, wiki mbili zote hukuniomba kura," akasema.

Imeniuma kuliko ile siku ya kupunguzwa kazi. Chai imepoa mbele yangu.

Jumanne, 1 Novemba

Nimelala nikaamka na akili mpya. Kosa nimeliona: ngoma mbili hazikutosha. Mwakani kuna ubunge. Nitaongeza wacheza ngoma na nungunungu, na jukwaa nitalijenga kwa saruji.

Kuhusu kuomba kura, Hellen ana hoja, nami si mtu wa kupuuza hoja. Nimemteua mwenyekiti wa kamati ya kuwaomba kura wanawake wote wa jimbo. Barua ya uteuzi nimeiandika asubuhi hii na kuipiga muhuri. Yupo jikoni hapo, namsikia anatwanga karanga. Sijamwambia kitu. Ataipata kwa posta.