Vikapu Sita vya Anselme

Gazeti la mkoa lilikuwa limetandazwa kwenye kaunta ya baa ya Solange, na picha ya Anselme ilikuwa ukurasa wa tatu. Nyuma yake pichani walisimama watalii sita waliokuja kwa safari ya kupika na kula, kila mmoja amekumbatia kikapu cha sepu, uyoga mnono wa msituni.

"Karibu, muuza urithi!" Posta alimpokea. Kazi ya barua alistaafu zamani, habari bado anasambaza. "Mkweo mwenyewe umemnyima mahali pa uyoga pa marehemu baba yako, leo unawagawia watu wa Oslo?"

"Sijamgawia mtu kitu," alisema Anselme akivuta kiti.

"Na huo uyoga umedondoka na mvua?" aliuliza Solange. "Gazeti linasema wamepikia kimanda, wakaomba tena."

Anselme alikoroga kahawa isiyo na sukari. Hapa kijijini mtu atakutajia hata bawasiri yake, lakini si mahali anapookotea uyoga. Baba yake alimnong'onezea mahali pake siku ya kufa. Wakiamini amepataja kwa wageni, hatainua tena uso ndani ya baa hii.

"Sikilizeni. Yule dada anayeongoza safari aliniomba niwatembeze msituni. Nikawapeleka mahali ambapo sijawahi kuokota hata mmoja. Nilitaka watembee, wachoke, wakale mayai matupu."

"Wakakuta shamba!" Posta alicheka mpaka kofia ikamvuka. "Mzee, hata kudanganya hujui."

"Nilishangaa kuliko wao!"

"Apa kwa kaburi la mama yako."

"Naapa. Na kwa bata wote aliowafuga."

"Bata tuwaache. Hakuna anayekuamini."

Pembeni aliketi Firmin. Huongea kwa nadra na kwa uzito, ndiyo maana wanamwita Askofu. Uyoga wake, kama kila mtu ajuavyo, huokota ng'ambo ya mto. Alivuta gazeti, akavaa miwani, akaitazama picha. Shingo ikamwiva.

"Mshenzi wewe! Huo mwaloni uliopasuliwa na radi ni wangu!"

"Wako kivipi? Msitu ni wa wilaya."

"Miaka yote naokota hapo! Nyuma ya kinu cha zamani, unavuka kijito, mkono wa kushoto!"

Solange aliacha kufuta glasi.

"Kumbe siyo ng'ambo ya mto, baba Askofu," Posta alisema kwa upole.

Askofu alikunja gazeti haraka. Posta akakumbuka ghafla kwamba ana miadi ya daktari, akachukua kikapu cha mkate cha Solange aende nacho. Solange akavua aproni.

"Daktari gani anapokea na kikapu? Ningoje!"

"Rudini!" Askofu aliwakimbilia, miwani mkononi. "Kuna nyoka kule! Wakubwa!"

Anselme alibaki peke yake. Hakuna aliyemwomba radhi, lakini wote walikuwa wamemwamini. Alimaliza kahawa, akajimiminia ya pili, kisha akashika njia ya upande mwingine kabisa, taratibu, akigeuka nyuma kila baada ya hatua chache.