Ukuta wa Kijani wa Marehemu Saif

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Nimekwisha. Naandika nikiwa nimekaa sakafuni sebuleni.

Mawese yamemwagika ukutani. Nilipanga bidoni nne, yaani madumu, moja juu ya nyingine, nisubiri bei ipande. Badala ya bei kupanda, bidoni ya juu ikashuka. Doa jekundu kuanzia kimo changu hadi sakafuni, na chini yake dimbwi.

Ungekuwa ukuta wa mtu mwingine ningelala. Lakini sebule hii ni ya mama mkwe wangu, Bi Suad, mwenye nyumba tunamoishi mimi na mke wangu Esha. Kijani kile laini, cha kupoza macho, alikipaka kuta zote nne mumewe, marehemu Mzee Saif, kwa mkono wake, mwaka wa mwisho wa uhai wake. Kila asubuhi Mama anakaa na kahawa yake mbele ya ukuta huo na kuzungumza nao taratibu. Anasema nini sijui. Mtu hasikilizi maneno ya mama mkwe wake.

Wiki ya tatu sasa yuko Bujumbura na Esha, anatolewa mtoto wa jicho, kulia kisha kushoto. Siku ya kuondoka alisema chumba hiki nisikiguse. Akaongeza kwamba baada ya yale ya kuku (ya kuku siandiki), kosa moja tu zaidi, nitarudi kwetu Bugarama na Esha atabaki hapa. Hakupandisha sauti. Hilo ndilo lililonitisha.

Wanarudi Jumamosi.

Jumanne, 12 Agosti

Nimesugua kwa sabuni ya unga, kwa ndimu, kwa majivu. Doa limepauka kidogo na kupanuka sana.

Lakini stoo nimepata ufumbuzi! Kopo kuukuu la rangi, la kampuni ya Tausi, ndani pamekauka kama ugali wa juzi. Ubavuni pameandikwa vert d'eau. Hapa ndipo faida ya kusoma inapoonekana. Vert ni kijani. Eau ni maji. Yaani kijani cha kutiwa maji. Marehemu alinunua kijani cha kawaida akakizimua mpaka kikalainika. Asiyejua Kifaransa angepotea hapa.

Mbio kwa Éphraïm, mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko. Akasema Tausi haiji tena, miaka sasa. Akanipa kijani cha Mnara, akauliza nataka ya mafuta au ya maji. Nikamwambia ya maji, imeandikwa. Alinitazama kidogo, kisha akafunga mfuko.

Jumatano, 13 Agosti

Nimetia vikombe vinne vya maji. Rangi imeteremka ukutani kama uji, ikaishia sakafuni. Katikati mawese yamejitokeza tena, mekundu kuliko jana.

Saa nne Dismasi akaingiza kichwa dirishani. Dismasi ni fundi rangi wa mtaa wetu, mtu ambaye hajawahi kukosea kitu na anapenda ulijue hilo. Akauliza nafanya nini. Nikasema nafuta vumbi. Brashi mkononi, kijani mpaka kwenye kiwiko.

"Waziri," akasema, "hiyo iko rangi ya maji. Juu ya rangi ya mafuta haiwezi shika. Kesho yote itabanduka."

Akajitolea kunisaidia, bure. Nikakataa. Mkewe ni rafiki wa Mama. Akijua Dismasi saa nne, Bujumbura wanajua saa tano. Nikafunga dirisha na pazia. Sasa nakaa gizani na harufu, na kila kandambili inayopita nje naona ni ya mtu wa kwenda kunisema.

Rangi haikungoja kesho. Saa kumi jioni ilianza kubanduka yenyewe.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimempelekea Éphraïm kipande cha ukuta tukilinganishe. Nilikibandua kwa kisu pembeni mwa ukuta huo huo, nyuma ya kabati, ukubwa wa kiganja. Kwa hiyo sasa kuna doa upande mmoja na shimo upande wa pili. Sikulifikiria hilo mpaka nilipokuwa njiani.

Nilipomweleza habari ya vikombe vinne, Éphraïm alicheka mpaka akakaa juu ya mfuko wa saruji. Vert d'eau, akasema, ni jina la rangi tu. Kijani cha maji, kama ziwa pale Magara asubuhi, penye kina kifupi. Na kila kampuni ina vert d'eau yake. Ya Mnara inaelekea bluu. Ya Yakuti inaelekea njano. Kipande changu kiko katikati na hakitaki upande wowote. Nikachukua kopo la kila moja, ya mafuta safari hii, na rangi nyeupe ya kuzibia doa.

Nimekwangua, nimeziba, nimechanganya nusu kwa nusu. Ndani ya ndoo, sawasawa. Ukutani ikiwa mbichi, sawasawa, nikakaribia kuimba. Ilipokauka, nyingine kabisa! Nikaongeza Mnara. Nikaongeza Yakuti. Sasa yako mabaka matano na kila baka lina kijani chake.

Esha amepiga simu. Plasta ya jicho la pili imetolewa. Mama anaona. Amesoma bango la ng'ambo ya barabara na kusema lina kosa la herufi. Nikasema alhamdulillahi, kwa sauti nzuri. Kisha nikakaa chini, maana moyoni nilikuwa nategemea macho yale yabaki mabovu, kidogo tu. Mimi ni mtu mbaya. Nimelitambua hilo, nikarudi kwenye ndoo.

Ijumaa, 15 Agosti

Asomsiyo, sikukuu ya Wakatoliki. Éphraïm amefunga duka, yuko kanisani. Nikaenda msikitini. Khutba ilikuwa juu ya amana, na nikahisi imamu anaitoa kwa ajili yangu peke yangu. Baada ya swala niliomba dua moja: esansi, yaani petroli, ikosekane Bujumbura mpaka Jumatano. Nchi nzima inalia na foleni za esansi, mimi naziombea ziongezeke.

Mpango mpya: kupaka ukuta mzima, kona hadi kona, mabaka yote yapotee. Mpango mzuri! Lakini Mnara iliniishia kabla ya nusu, na duka limefungwa. Nikamalizia na Yakuti. Nikatia na ile nyeupe. Nikakoroga kwa macho, nikapaka mara mbili.

Ukuta umekuwa wa rangi moja, hilo siwezi kukataa. Ila ni kijani cha njano, na kuta nyingine tatu zimeuzunguka na kijani chao cha kweli. Hata mtoto mchanga angeonyesha kidole. Nimewasha ubani kuficha harufu. Usingizi hauji.

Jumamosi, 16 Agosti

Esansi imepatikana.

Niliandaa chumba. Pazia nusu, ubani, kiti cha Mama kimeupa mgongo ukuta. Akaingia bila kushikwa mkono, akauliza kwa nini giza, akafungua pazia mwenyewe. Akazungusha macho chumba kizima, polepole. Nikaanza kusema, Mama, naomba.

"Nani aligusa hizi kuta?" akauliza. Alikuwa anaonyesha zile tatu. Zile ambazo sikuzigusa. "Zimekuwa bluu. Huu peke yake njo wa Saif. Iko vile vile aliniachia."

Machozi yakamtoka kwenye macho yake mapya. Akanyoosha mkono auguse ukuta, na rangi bado inanata! Kumshika mkono mama mkwe sithubutu. Nikajitupa katikati na sinia ya kahawa.

Baadaye Esha akanieleza uani. Daktari aliwaambia kwamba kwa miaka Mama alikuwa akitazama kama kwa kupitia maji ya chai, kila kitu kikiwa na unjano, kwa hiyo sasa vitu vya nyumbani ataviona vimebadilika. Kisha Esha akanusa hewa. Kisha akainua kiatu chake, ambacho kilikuwa na mawese kwenye soli. Akasema jina langu tu, basi.

Jumapili, 17 Agosti

Mama ameagiza kuta tatu zipakwe zifanane na ule wa nne. Tena nizipake mimi, maana amefurahi jinsi nilivyoutunza.

Nimemweleza Esha kila kitu. Hakupiga kelele. Alisema mawese Mama atayasamehe, na hata yale ya kuku ameshayasamehe. Lakini kuta zile tatu ndizo mkono wa baba yake, hakuna mwingine uliobaki, na mimi nataka kuzifunika. Akasema nimwambie Mama ukweli kesho asubuhi. La sivyo Bugarama nitaenda, na si Mama atakayenipeleka.

Nimemwahidi. Naogopa, lakini nimemwahidi.

Jumatatu, 18 Agosti

Niliamka mapema. Nilikuwa na maneno yangu tayari.

Mama alikuwa ameshakaa na kahawa mbele ya ukuta wangu. Leo nilisikia anachosema. "Saif," alisema, "sasa nakuona vizuri." Nikaona haya mpaka masikio yakawaka. Nikakohoa. Akageuka, akauliza, "Unasemaje, mukwe wangu?" Esha alikuwa amesimama mlangoni.

Nikafungua kinywa. Kilichotoka ni kwamba kuta zitakuwa tayari Alhamisi.

Esha ametoa begi langu uvunguni na kuliweka mlangoni mwa chumba chetu. Bado tupu. Kila nikipita nalichungulia.

Nimekwenda kwa Éphraïm. Akauliza Mnara kiasi gani, Yakuti kiasi gani, nyeupe kiasi gani. Nikamuuliza yeye hajui? Akasema aliyekoroga ni mimi. Nikachukua makopo mapya, nikakoroga tena kwa macho, nikajaribu ukuta wa mlangoni, kipande kikubwa. Umekuja bluu kidogo. Kidogo tu. Nikishazimaliza zote tatu nitaupaka tena ule wa Saif ufanane nazo, na hakuna atakayejua.