Zuhura Mwenye Mbeleko na Dimbwi la Mlangoni

Sogeeni, enyi watu wa pwani na enyi wa milimani, mliofunga maduka na mliobandika vyungu. Zimeni redio, lazeni simu kifudifudi, na mwenye mtoto amweke titini anyamaze, mpate kusikia vita iliyopiganwa Lindi mjini siku ya Jumamosi, katika ukumbi wenye mapazia ya rangi ya dhahabu na viti vilivyovishwa magauni kama maharusi. Damu haikumwagika siku ile. Yalimwagika maji, na hayo nayo hayakuwa mengi. Lakini majeshi yaliyokutana pale yalikuwa ya watu wenye suti, na watu wenye suti wakikutana na maji kidogo, jambo haliwi dogo tena.

Shujaa wetu ni Zuhura binti Kibwana, wakili wa Kilwa Masoko, aliyesoma sheria kwa masomo ya jioni, mchana akipima vitambaa dukani na usiku akipima hoja. Zuhura mwenye mkoba mzito, mwenye mbeleko begani, mama wa Hussen, simba mchanga asiye na meno ambaye sauti yake huamsha mtaa. Alikuwa amekuja Lindi kutafuta kitu kisichoshikika wala kuliwa, nacho ni pointi. Maana imeamriwa kwamba wakili asiyejiendeleza kimasomo asisimame mahakamani, na leseni ya Zuhura ya mwaka ule ilikuwa inangoja pointi za mafunzo hayo tu. Zikiingia mtandaoni jioni ile, Jumatatu anasimama. Zisipoingia, anakaa.

Na Jumatatu ilikuwa na mtu wake. Romana wa Kiranjeranje, mama mtu mzima, mkulima wa ufuta, alitumbukia katika shimo ambalo mkandarasi mmoja alilichimba kando ya njia akaliacha wazi, hata kijiti cha kuonya hakuweka. Nyonga ikavunjika, na tangu siku hiyo Romana shamba lake analiona kwa macho tu. Shauri lilikuwa lisikilizwe Jumatatu asubuhi. Mkandarasi alikuwa na wakili aliyevaa saa mbili, moja kila mkono. Romana alikuwa na Zuhura, basi.

Sasa tuwataje majemadari. Kiti kikuu alikikalia Wakili Msomi Dominick, Mlinzi wa Ratiba, mtu ambaye hata chafya yake ilisubiri zamu. Alipofungua mafunzo alinyoosha kidole kuelekea mlangoni akatoa amri, kwamba atakayevuka kizingiti kile kabla ya darasa kufungwa, awe wakili wa juzi au wa enzi za mababu, pointi zake ameziacha nje huko huko, akazitafute barabarani. Akasema mwaka uliopita walikuwapo watu waliojiandikisha asubuhi, wakaonekana feri wakinunua samaki, wakarudi jioni kupiga makofi. Ukumbi ukacheka. Waliocheka zaidi walikuwa wale wa samaki.

Mkufunzi alitoka Dar es Salaam, Wakili Msomi Eusebio, Bahari ya Vifungu, mwenye sauti ya mashine ya kusaga inayosikika tokea mbali. Mada yake ilikuwa madai ya fidia kwa waliojeruhiwa kwa uzembe wa wengine. Akafundisha wajibu wa uangalifu, akafundisha jinsi ya kumhoji shahidi anayelia na jinsi ya kumhoji daktari asiyetaka kuulizwa. Na karibu na adhuhuri akaishusha ile nguzo ya mafundisho yake, ambayo mawakili wote waliinukuu na kuipigia mstari.

"Mahali pa ajali, wakili msomi, usiguse," alinena. "Mwambie na mteja wako asiguse. Anayeokota ganda la ndizi amekiri kwamba ganda ni lake."

Wakatikisa vichwa kwa pamoja, kama mtama unaopitiwa na upepo. Kisha wakaenda kula pilau palepale ukumbini, chini ya ulinzi wa Dominick, na baada ya pilau adui akaingia.

Aliingia kwa tone. Juu ya mlango palikuwa na kiyoyozi cha zamani, kinachokoroma kuliko waliosinzia, nacho kikaanza kulia: tone moja, likafuatwa na jingine, juu ya vigae vyeupe vinavyoteleza hata vikiwa vikavu. Wakati Eusebio anapanda kilele cha kifungu kigumu, matone yalikuwa yamekwisha kushikana mikono, yakawa dimbwi lenye upana wa sinia, limejilaza mbele ya kizingiti kama chui aliyejificha, halina rangi, halina sauti, linang'aa tu.

Wa kwanza kuliona alikuwa Wakili Msomi Khamisi, Simba wa Pingamizi, ambaye inasemekana aliweka pingamizi hata siku ya ndoa yake, kuhusu mpangilio wa viti. Khamisi aliinuka. Enyi wasikilizaji, msidhani aliinuka kutafuta tambara. Aliinuka akapiga picha. Akapiga upande wa kulia, akapiga upande wa kushoto, akaweka kalamu yake kando ya dimbwi ili ukubwa wake ujulikane, akarudi kukaa akiwa na uso wa mtu aliyetimiza wajibu.

Hapo darasa likafa na vita ikazaliwa. Wakili Msomi Fauzia, mwenye miwani ya kamba, akauliza kama wa kushtakiwa kwanza ni mwenye ukumbi au fundi wa kiyoyozi. Mwingine akasema waandaaji hawawezi kujitoa. Mwingine akamtia na aliyetengeneza vigae. Ukumbi ukagawanyika, nusu wakawa upande wa madai na nusu upande wa utetezi. Wakanukuu, wakarukiana, wakaitana wasomi kwa namna ambayo kila aliyeitwa msomi alijiona ametukanwa. Eusebio mwenyewe, ambaye ilimpasa kuwarudisha kwenye somo, alifurahi akasema huu ni mfano hai, tuendelee. Ndani ya muda mfupi shauri lile lilikuwa na wadaiwa wanne na mashahidi wa kutosha. Kilichokosekana ni mtu wa kuanguka.

Naye alikuwa njiani.

Maana Zuhura, tangu asubuhi, alikuwa amepatana na shangazi yake, Bi Mastura wa Rasbura, kwamba Hussen akilia njaa aletwe mpaka mlangoni, naye atamnyonyesha akiwa ndani ya kizingiti, pointi zisipotee na mtoto asife njaa. Ndiyo sababu alikaa kiti cha karibu na mlango. Na sasa kifua chake kilikuwa kimejaa mpaka kinauma, saa ya mtoto inayojua kuliko saa ya ukutani. Akajua Bi Mastura ameshatoka nyumbani. Akalitazama dimbwi. Akamfikiria shangazi yake, mwanamke mnene mwenye mwendo wa haraka na ndala zilizolika visigino, na juu ya nyonga ya shangazi, Hussen.

Akanyanyua mkono kwa adabu. Akaomba ruhusa atoke kidogo tu, stoo ilikuwa palepale nje, upande wa pili wa ujia, alete dekio.

Dominick akashika ratiba kwa mikono miwili kama ngao, akamjibu kwamba amri ya kizingiti haina mapengo. Kuhusu dekio, hoja hiyo aihifadhi mpaka kipindi cha maswali. Na Khamisi akageuka kitini, akamshauri kwa upole, kama kaka kwa mdogo wake.

"Dada yangu, usijiingize. Ukideki umekiri. Kesho utaitwa mdaiwa wa tano."

Basi Zuhura akakaa. Tusimfiche: alikaa. Jumatatu ilikuwa mbele yake, na Romana ndani ya Jumatatu hiyo, amekaa na fimbo yake, akigeuka kila mlango unapofunguliwa. Zuhura alikuwa ameyavuka mengi kufika pale. Alijifunza mikataba huku mtoto anachezacheza tumboni, alifanya mtihani miguu imevimba. Angeyapoteza yote kwa sababu ya maji ya kiyoyozi? Na maji yenyewe siyo yake. Hakuyamwaga yeye.

Ndipo sauti ya simba mchanga ikasikika kwenye ujia. Na nyuma ya sauti, ndala.

Bi Mastura alitokea kwa mbali, khanga moja kiunoni na nyingine kichwani, mtoto ubavuni anapiga mateke, naye anakuja mbiombio kama anayewahi chungu kisiungue. Ukumbi mzima ulimwona. Na hapa, enyi wasikilizaji, likatukia lile ambalo lingetukia kwetu tu. Mawakili wale walitaka kumwonya; si watu wabaya. Lakini mtu mzima hapigiwi kelele za simama kama mbuzi, na haanzwi kwa habari kabla ya salamu. Kwa hiyo wakainuka wote, kwa heshima kubwa, suti zikinyooka, wakasema kwa pamoja shikamoo.

Bi Mastura hakupata kuamkiwa na mawakili wengi hivyo maishani mwake. Uso ukafunguka. Akainua kichwa awatazame wote, asimruke hata mmoja, akaongeza mwendo ili wasimngoje.

"Marahaba, wanangu," akasema, macho yake yako juu kabisa, na ndala zake zinakuja chini.

Wengine wakaendelea kumuuliza habari za nyumbani. Khamisi akawasha kamera.

Hapo Zuhura hakuomba ruhusa. Aliivuta mbeleko begani, ile ya maua mekundu aliyobebewa yeye na sasa anambebea Hussen, akashuka kwa magoti mbele ya ukumbi wote, akiwa na sketi yake ya mahakamani. Akaitupa mbeleko kama mvuvi atupavyo kimia, ikatua, ikanywa. Akafuta kulia, akafuta kushoto, akakamua maji ndani ya glasi ya Wakili Msomi Khamisi, ambayo ndiyo iliyokuwa karibu, akarudi tena vitani. Mkono ulivuka kizingiti, kichwa kikavuka, bega likavuka, kwa kuwa adui alikuwa amekwisha kupeleka askari wake upande wa pili. Lakini magoti yakabaki ndani. Akapangusa mara ya mwisho kwa kiganja. Ndala ya Bi Mastura ikakanyaga pale pale palipokuwa na kiganja.

Ikashika. Kigae kilikuwa kikavu.

Bi Mastura akasimama, akamtazama mpwa wake aliye chini, akaitazama mbeleko inayochuruzika, kisha akawatazama mawakili waliosimama.

"Mbeleko ya mtoto imekuwa tambara," akasema. "Na watu wazima wote hawa mlikuwa mmesimama mnanisalimia tu?"

Hakuna aliyepinga. Hata Khamisi hakupinga, na hilo peke yake linastahili kuandikwa.

Lakini pingamizi likamrudia. Alijikohoza, akasema kwa masikitiko kwamba kielelezo kimeharibiwa, kwamba aliyedeki amekiri, na kwamba kichwa cha msomi mwenzake kimevuka kizingiti saa za darasa, jambo ambalo mwenyekiti hawezi kulifumbia macho. Dominick akaikunjua ratiba, akaikunja. Wengine wakasema kichwa ndicho mtu. Fauzia akasema mtu yuko pale yalipo magoti yake, ndiyo maana anayesali huhesabiwa yuko msikitini hata kama paji la uso liko kwenye mkeka wa nje. Wakaanza tena.

Zuhura alikuwa amekwisha kukaa kitini, ndani ya kizingiti, amejifunika khanga ya shangazi, na Hussen amenyamaza kama mfalme aliyepewa kodi yake. Akasema bila kuinua sauti, asije akamshtua.

"Waheshimiwa mawakili wasomi, nakiri. Andikeni kwamba maji yale ni yangu. Maadamu maji ni yangu, na ukavu huu ni wangu. Atakayepita hapa bila kuvunjika nyonga amepita kwangu. Jumatatu nina mteja aliyetumbukia kwenye shimo. Waliolichimba nao walisema si lao. Pointi mkizichukua, chukueni, ila mmoja wenu aje asimame na yule mama, maana mimi sitaweza."

Bahari ya Vifungu ikatulia. Eusebio akashuka jukwaani, akaja mpaka mlangoni, akapapasa kigae kwa ncha ya kiatu. Kisha akamgeukia Dominick akamwambia kwamba tangu asubuhi alikuwa anafundisha wajibu wa uangalifu, na mtu aliyefaulu ni mmoja. Akinyimwa pointi, basi hata yeye mkufunzi arudishiwe mada yake akaende nayo Dar es Salaam. Dominick akatafakari, akatamka hukumu: kizingiti kinavukwa kwa miguu, na miguu ilibaki.

Wakapiga makofi mpaka Hussen akaacha titi kuangalia ni nani anayepigwa. Ndipo tone jingine likaanguka. Macho yote yakageuka. Khamisi, Simba wa Pingamizi, akainuka taratibu, akatazama kulia, akatazama kushoto, akachukua kapu la taka na kuliweka chini ya kiyoyozi.

"Bila kukiri dai lolote," akasema, akarudi kukaa. Alipoinyanyua glasi yake anywe maji, hakuna aliyekumbuka kumwambia.

Jumatatu, mahakamani Masoko, hakimu aliuliza nani anasimama kwa niaba ya mdai. Zuhura alisimama. Mbeleko yake, iliyofuliwa na kuanikwa Rasbura, ilikuwa imekunjwa ndani ya mkoba, juu ya majalada. Kabla hawajaitwa, Romana alikuwa amemuuliza kwa kunong'ona huko Lindi walifundishwa nini.

"Kudeki, mama," Zuhura alimjibu.

Romana akaiegemea fimbo yake, akafikiri kidogo. "Wangemwita na yule wa shimo," akasema.

Hiyo ndiyo Jumamosi ya Kigae Kikavu, nayo iwekwe pamoja na siku kubwa za pwani hii, baada ya kuja kwa masultani na kabla ya kufika kwa lami. Wajukuu wakiuliza nani aliulinda mlango wa Lindi, na kwa silaha gani, waonyeshwe kipande cha kitambaa chenye maua mekundu, na waambiwe waingie tu, hawatateleza.